Darasa la sevillana kule Sevilla: lipi la kulipia, lipi la kupita mbali (ripoti ya mtu wa Arusha)

Kwa wale mnaonijazia inboksi mkiuliza kama darasa la dansi kule Sevilla, Uhispania, linastahili hela, tangu ile video ya sendofu ya Moshi nikicheza na binamu zangu ianze kuzunguka, jibu fupi ni hili: ndio, darasa linalipa, ila sio lile darasa mnaloliona kwenye matangazo. Kama unaenda kusoma Sevilla na hela yako inatosha darasa moja tu la dansi, flamenko (ile dansi ya huko ya kugonga miguu) iache kwanza, tafuta sevillana, ndugu yake inayochezwa wawili wawili, na uitafutie mbali na kanisa kuu la mji. Jibu refu linafuata, mimina chai kabisa.

Mi nilienda kule kwa masta ya utalii. Kabla ya hapo nilikuwa ofisi ya safari hapa Arusha, maeneo ya Mnara wa Saa, kazi yangu kupanga ratiba za wageni, siku mbili Tarangire, moja Ngorongoro, na katikati pale kama wageni wanataka basi saa moja ya boma la Kimasai, wanavikwa shuka, wanaruka na morani, picha, bangili, tunaondoka. Kwa hiyo nikikwambia najua kutofautisha kitu kilichoandaliwa kwa ajili ya mgeni na kitu ambacho wenyeji wanafanya wenyewe hata mgeni asipokuwepo, niamini, nimelipwa mshahara kwa hiyo kazi.

Sasa Sevilla ikawa zamu yangu kuwa mgeni. Darasa la kwanza nililolipia lilikuwa la chuo kimoja cha dansi katikati ya mji, jina naliacha, sitaki maneno na watu. Tangazo linasema flamenko kwa wanaoanza, mara mbili kwa wiki, lipa mwezi mzima mbele. Nikalipa. Kuingia nakuta nusu ya darasa ni watu waliofika juzi na wanaondoka keshokutwa, kila kipindi sura mpya, kwa hiyo mwalimu masikini kila siku anaanza mwanzo, huu mguu wa kulia, huu wa kushoto, gonga hapa, inua mkono, olé! Sisi tuliolipa mwezi tunarudia hatua zilezile mpaka naziota usiku. Mwisho wa kipindi unapewa kipepeo cha kujipepea mkononi na ua la plastiki la kubana kichwani, unapigwa picha, kwaheri. Nilipoomba nihamishiwe kwa wanaoendelea au nirudishiwe hela ya wiki zilizobaki, dada wa mapokezi akaniambia kwa upole kabisa kwamba hela ikishaingia hairudi na darasa la wanaoendelea limejaa. Ule upole ndo uliniuma zaidi.

Sisemi ni wizi. Yule mwalimu anajua, ukimwangalia miguu unaona kabisa huyu kaanza utotoni, ni vile ile saa moja imekatwa kwa kipimo cha mtu anayepita. Kuna siku nimesimama pale na ua langu la plastiki nikawakumbuka wale wazee wa Kijerumani niliokuwa nawapeleka boma, nikasema haya bana, leo na mimi nimerukishwa. Mgeni wa siku tatu ataipenda na atakuwa na haki. Wewe wa mwaka mzima utachoka.

Aliyenitoa huko ni mama mwenye nyumba wangu. Aliniona narudi na lile ua akaniuliza, "Binti, nani kakutuma huko? Nenda hapo kituo cha mtaa, Jumanne na Alhamisi, utawakuta wenzio." Wenzio! Mi nilidhani anamaanisha Waafrika, kumbe anamaanisha majirani.

Iko hivi. Mji wa Sevilla umegawanywa wilaya, na wilaya zinaendesha kozi za jioni kwa wakazi, ushonaji, uchoraji, kompyuta, na sevillana haikosi. Zinafanyika kwenye vituo vya mtaa, wao wanaviita centro cívico. Ada yake ukiiweka pembeni ya ada ya chuo cha katikati ya mji utacheka, yani hela ya mwezi mmoja kule kwingine hapa unasoma muda mrefu na chenji ya kahawa inabaki. Ubaya wake nafasi ni chache na zinagombaniwa, uandikishaji ni mwanzoni mwa mwaka wa masomo, ukilala umeachwa. Mi nilipata kwa sababu kuna mama alivunjika kifundo akaacha nafasi (alipona, tulikuja kucheza naye). Kwa hiyo mkifika mambo ya kujiandikisha manispaa kama mkazi msiyacheleweshe, mtayahitaji hata kwa mambo mengine mengi, na kwenye ofisi za wilaya someni matangazo ya ukutani, sio yote yanapanda mtandaoni.

Kipindi chetu kilikuwa saa mbili usiku mpaka saa tatu na nusu, na usishangae muda, kule mtu kukaa mezani kula cha usiku saa nne ni kawaida. Ukumbi wenyewe mbao zimechakaa, kioo ukuta mmoja, spika, basi. Wanafunzi wengi akina mama wastaafu, dada mmoja wa duka la dawa, na baba mmoja fundi bomba aliyekuwa anamuozesha binti yake na hataki kuaibika siku ya sherehe. Mgeni ni mimi peke yangu. Lugha ni yao na wanaitema kwa kasi, s za mwisho wa maneno wanazimeza zote, kile Kihispania nilichojifunza kwenye simu hakikunisaidia hata kusalimia. Ila ndo paliponifungua masikio kwa hiyo lugha, sio chuoni. Chuoni mwalimu anaongea taratibu kwa sababu anakuhurumia. Hapa hamna wa kukuhurumia, mtu anakushika bega anakugeuza, ukielewa umeelewa.

Kwa asiyejua tunaongelea nini: sevillana ni ndugu ya flamenko lakini sio ile flamenko ya jukwaani mnayoiona mtu anacheza peke yake amekunja uso. Asili yake ni seguidilla, ngoma ya zamani ya upande wa Kastilia, watu wa Andalusia, jimbo ilipo Sevilla, wakaichukua wakaitia pilipili yao. Inachezwa wawili wawili, mdundo wa tatu tatu, na ina sehemu nne, ya kwanza mpaka ya nne, kila moja na hatua zake na hazibadiliki. Hilo la kutobadilika ndo uzuri wake wote. Ukishazijua nne unaweza kusimama na mtu yeyote wa Sevilla, bibi wa miaka themanini au mtoto wa chekechea, hamjawahi kuonana, wimbo ukianza mnaenda, mnapishana bega kwa bega bila kugongana, kwenye ya tatu mnagonga miguu, kwenye ya nne mnakaribiana uso kwa uso mnapita, na mnamaliza kwa pamoja mkono juu, paa! Kimya. Flamenko ya jukwaani hiyo raha ya kucheza na kila mtu itakupa baada ya miaka, kama itakupa.

Mwalimu alikuwa mama mzaliwa wa Triana, ule mtaa wa ng'ambo ya mto ambao flamenko ikitajwa lazima na wenyewe utajwe. Muziki hakuweka. Alivuta kiti akakaa, akasema pigeni makofi. Tukapiga makofi kipindi kizima, miguu haijasogea, nikaanza kujiuliza nimekuja dansi au nimekuja mkutanoni. Kumbe makofi yenyewe ni somo. Yapo ya aina mbili, kuna makofi makali, vidole vya mkono mmoja vinapiga ndani ya kiganja cha mwingine, hiyo inakata mpaka nje, halafu kuna makofi mazito, viganja vyote viwili vimebonyea, sauti inatoka ya chini, haya unayapiga mwimbaji akiwa anaimba ili usimfunike. Kisha akatugawa, wa kushoto wanapiga kwenye pigo, wa kulia wanapiga katikati ya mapigo, na asiyumbe mtu.

Hapo wadau nilijisikia nyumbani. Mi mtoto wa kwaya ya KKKT, kanisa la Kilutheri, makofi ya kupishana nimeyapiga tangu shule ya Jumapili, kwenye mapambio ya kule kwetu usipojua kupisha kofi unaonekana mgeni. Nikaenda nayo, akaongeza kasi, nikaenda nayo. Akasimamisha darasa.

"Wewe, umefundishwa wapi?"

"Kanisani."

"Kanisani?" Akawageukia wale akina mama, "Mmesikia? Kanisani. Nyie huwa mnafanya nini kanisani?"

Walicheka mpaka mmoja akatoka nje. Kuanzia siku hiyo nikapewa kazi ya kushikilia upande wa kulia, na yule baba fundi bomba akawa anasimama karibu yangu ili aibie.

Miguu sasa, na mwili. Hapa Mchaga aliteseka. Ngoma zetu nyingi mwili unashuka, magoti laini, kiuno kinaongea, mabega yanajibu. Kule kifua juu, mgongo umenyooka, kiuno kimekatazwa kuongea. Mwalimu alikuwa anapita nyuma yangu ananigusa mgongoni kwa kidole kimoja, hasemi kitu, nanyooka, akigeuka tu nashuka. Na mikono ndo usiseme. Wanavyofundisha kuzungusha kiganja ni hivi, chuma tufaa mtini, lilete mdomoni ule, litupe. Kila mahali utakapoenda utaambiwa hilohilo tufaa. Mi tufaa lilinigomea kabisa, mkono unakwenda vipandevipande, mpaka siku nilipoamua moyoni kwamba hili sio tufaa, hili ni parachichi la kwa bibi Kibosho, lile la tawi la juu ambalo unalikunja na kikonyo chake usije ukaliangusha. Mkono ukaenda wenyewe. Mwalimu akasema "eso", ndo hivyo hivyo, akapita. Sikumweleza habari za parachichi.

Kastaneti, vile vibao viwili vya kugonganisha kwa vidole, msinunue mapema. Kwenye maduka ya zawadi zimetundikwa kila kona na watu wanadhani flamenko yote ni kastaneti na vipepeo, lakini flamenko nyingi inachezwa bila kastaneti kabisa, mikono mitupu. Kwenye sevillana wapo wanaozitumia na kwenye ile dansi ya shule za zamani wanazitumia sana, darasani kwetu hakuna aliyeleta. Za dukani za bei ya chini hazitoi sauti ya maana, ni pambo la kabati.

Baadaye, nilipomaliza nne zangu, yule mwalimu mwenyewe ndo aliyenielekeza kwa mtu wa flamenko huko Triana, darasa dogo, wanafunzi wachache na mpiga gitaa wa kweli badala ya spika. Hili nalipatia alama za juu ila sio la kila mtu. Hesabu yake inatesa. Kuna huo mzunguko wa mapigo 12 wanaouita kompasi, mkazo unaangukia kwenye 3, 6, 8, 10 na 12, na kwenye buleria, aina ya flamenko ya kasi, mnaanza kuhesabu kwenye 12 sio kwenye 1, ukiuliza kwa nini unaambiwa sikiliza. Solea, aina nyingine, ina mzunguko wa 12 vilevile lakini inakwenda polepole, polepole ya kuchosha mapaja. Na nilichokuwa sikijui kabla ni kwamba mchezaji hachezi juu ya wimbo tu, anaongea nao, anamsikiliza mwimbaji, akitaka kubadilisha anagonga miguu kwa namna fulani ya kuita na gitaa linajua, haya, anakuja. Pale ndo nilielewa kwa nini kile chuo cha kwanza kisingeweza kunipa hata robo, unafundishaje mtu kuongea na mwimbaji wakati mwimbaji yuko kwenye simu imeunganishwa na bluutuu.

Kuna kisanduku cha mbao pia, kahon, mtu anakikalia anakipiga kwa mikono. Nilidhani ni cha Wahispania tangu Adamu, kumbe ni cha Waafrika waliopelekwa utumwani Peru, na kwenye flamenko kiliingizwa na mpiga gitaa Paco de Lucía miaka ya 1970 aliporudi kutoka Peru. Mwalimu aliponiambia hivyo alikuwa ananiangalia mimi. Halafu Jumamosi moja akanipeleka kuona kanisa la chama cha Los Negritos, chama cha kidini kilichoanzishwa kwa ajili ya watu weusi wa Sevilla mwishoni mwa karne ya 14, maana mji ule ulikuwa na Waafrika wengi, wengi wao watumwa, na mpaka leo Wiki Takatifu chama kinatembeza sanamu zake barabarani ingawa wanachama wengi sasa ni wazungu. Niliingia mle nikakaa kidogo. Kwenye ratiba za utalii za katikati ya mji sikuwahi kukiona, na mi ni mtu wa ratiba.

Na hii watu wa Arusha mtaipenda: UNESCO walipoiingiza flamenko kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika, Novemba 2010, kikao kilikaa Nairobi. Hapo tu, unavuka Namanga. Nilipowaambia wenzangu wa Triana kwamba karatasi yao ilipitishwa saa chache kutoka kwetu walidhani natania.

Haya, viatu, maana hapa ndo hela inapoishia. Kwa sevillana huhitaji viatu maalum kuanza, kiatu chochote cha kisigino kifupi kipana chenye mkanda kinatosha, wale akina mama wengine walikuja na vya kazini. Ukiingia flamenko huna ujanja. Ngozi nzito, kisigino kinene, na chini ya ncha na ya kisigino imegongelewa misumari midogo mingi imesongamana, ndo inayotoa ile sauti. Vya kuanzia utapata kwa euro 50 na kitu, vya kitaalamu vinapita 150 bila kugeuka nyuma. Ushauri, nunua vya kuanzia na vikubane kidogo, ngozi italegea.

Vyangu vilianza kumwaga misumari baada ya kurudi. Na hapa niongeze mapitio ya huduma nyingine ya bure kwenye mapitio haya: fundi viatu wa pale jirani na Soko Kuu, mzee ana mwavuli wa rangi nyingi, hana kibao.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu, lete." Akakipindua, akapitisha kidole gumba juu ya misumari taratibu, akaninong'oneza kama anayeuliza jambo la siri, "Hiki kimetengenezwa kwa mtu au kwa punda?"

"Cha kuchezea dansi, mzee."

"Dansi ya wapi hiyo inataka chuma?"

Nikamweleza. Akasikiliza huku ameshaanza kazi, kumbe. Misumari yake ilikuwa mirefu kuliko ya kule, ingetokeza ndani ikanichoma, kwa hiyo akawa anaikata mmoja mmoja kwa koleo, anaupitisha kwenye tupa kidogo ncha isiwe butu, anachovya gundi, anaugonga kwa kuulaza kidogo pembeni ili usirudi. Hakuna aliyemfundisha, aliangalia tu ile iliyobaki imekaaje akaifuata. Alipomaliza akaweka kipande cha ubao chini akasema simama juu yake ugonge. Nikagonga. Akina mama wa ndizi wakageuka. Akasema, "Tena." Nikagonga tena, akainamisha kichwa anasikiliza, akanivua cha kushoto akaongeza miwili. Elfu kumi na mbili tu, na mpaka leo hakuna msumari uliotoka. Nyota tano, nendeni na viatu vyenu hata kama ni vya ofisini.

Turudi Sevilla, sijasema habari za Feria, na bila Feria darasa la sevillana ni kama hujalimaliza. Ni maonesho ya wiki nzima, yanakuja wiki kama mbili hivi baada ya Pasaka, wenyewe wanaiita ya Aprili hata mwaka unaoangukia Mei. Ilianza 1847 kama mnada wa mifugo, na walioleta wazo hata sio wa Sevilla, mmoja Mbaski mwingine Mkatalani, watu wa kaskazini ya nchi. Niliposikia ni mnada wa ng'ombe nikasema basi nimetoka mahali sahihi. Siku hizi iko Los Remedios, ilihamia huko 1973, na ng'ombe hamna, kuna mahema zaidi ya elfu moja yamepangwa mitaa kwa mitaa, taa za karatasi juu, farasi mchana, na ndani ya kila hema watu wanacheza sevillana mpaka asubuhi.

Sasa sikiliza mwanafunzi wa nje. Mahema mengi ni ya watu binafsi, ya familia, ya vyama, ya wafanyakazi, mlangoni kuna mlinzi, na kama jina lako halijulikani hauingii hata uwe na hela ya kiasi gani. Yapo ya wazi kwa wote, yakiwemo ya wilaya, ila yanajaa. Wanafunzi wenzangu wa chuo walizunguka nje wamevaa vizuri wakanunua chipsi wakarudi. Mi niliingizwa na yule dada wa duka la dawa, hema la familia yao, na gauni aliniazima yeye, maana lile la madoadoa na marinda jipya ni mamia ya euro na mwaka unaofuata fasheni imebadilika. Lilinibana kifuani, mama yake akalifungua mshono pembeni akaweka pini, akasema usikohoe. Halafu bibi yao akanyoosha mkono kunitoa kucheza. Tukaenda ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Kwenye ya nne akanikonyeza. Baada ya hapo kila mjomba alitaka zamu na mi sikukaa chini tena. Kinywaji chao cha siku hiyo ni divai nyeupe kavu na soda ya limao, barafu nyingi, kinashuka kirahisi, wewe angalia ratiba yako ya kesho.

Hilo hema ndo sababu nawaambia sevillana kwanza. Kile chuo cha kwanza kisingeniingiza hata kwenye foleni yake.

Masomo je? Mama mdogo aliniuliza hivyohivyo, "tumekuchangia nauli uende ukacheze ngoma?" Darasa la mtaa ni jioni mara mbili kwa wiki, halikugusa masomo. La Triana liligusa, mazoezi ya miguu ni kila siku na huwezi kugonga kwenye ghorofa saa tano usiku, jirani wa chini atakuja na mwiko. Wakati wa mitihani nililisimamisha, mwalimu akanielewa na hela ya mwezi huo hakuchukua. Na joto la Sevilla kuanzia mwishoni mwa Juni sio la kuchezea, linavuka nyuzi 40, madarasa mengi yanafunga, kwa hiyo anayepanga kwenda likizo ya Julai na Agosti ili ajifunze dansi abadilishe mpango.

Kurudi nayo nyumbani ni kazi nyingine. Hapa Sakina nilikopanga nyumba, sakafu ni vigae, kugonga juu ya vigae ni kuharibu magoti na vigae vyenyewe, baba mwenye nyumba alipanda kuniuliza kama natwanga. Nikatafuta ubao mzito wa unene wa sentimita mbili pale kwa mafundi seremala, nimeuwekea zulia chini, nacheza mchana wakati watu wako kazini. Sevillana haina shida hiyo, inachezeka hata kwenye nyasi, na ndo nilivyowafundisha binamu zangu kwa ajili ya ile sendofu ya Moshi mnayoisema. MC alitangaza "ngoma kutoka Uhispania", DJ akaweka, tukacheza mbili kati ya nne maana muda ulikuwa wa keki. Shangazi mmoja wa Machame akaniita baadaye pembeni, "Mmecheza vizuri mwanangu, ila hiyo mikono, mnafukuza nzi gani?" Nikamfundisha la parachichi. Alilipata kwa mara ya kwanza, na mgongo wake umenyooka kuliko wangu.

Alama zangu basi. Chuo cha katikati ya mji, mbili kati ya tano, moja na nusu ya mwalimu na nusu ya kiyoyozi. Darasa la mtaa, tano, na natoa robo kwa sababu ya foleni ya kujiandikisha. Triana nne, kwa yule mwenye muda na mapaja. Maonesho ya jukwaani ya kulipia kiingilio, yale ya euro 25 kwenda juu, nenda mara moja ukishajua kuhesabu 12, ukienda kabla utaona nywele na gauni tu.

Viatu vyangu vya kwanza vya kuanzia vipo, namba 38, vyeusi, misumari ya mbele ni ya Sevilla na ya nyuma ni ya Soko Kuu. Kuna anayeenda Septemba mwenye mguu huo aseme hapa chini, sitamuuzia bei ya mgeni.